Msimamizi wa Nyumba na Fundi Wake

Nyumba za parokia za kupangisha huwa na msimamizi, naye ndiye humwita fundi. Akilipwa asilimia ya gharama za matengenezo, bati moja likivuja atataka paa zima libadilishwe. Fundi akiwa shemeji yake, nani atakagua kazi? Undugu wenyewe hauna ubaya, mradi kamati iujue kwa maandishi. Tunashauri kamati yenyewe ipokee bei za mafundi watatu, na mjumbe mwingine apande darini kabla ya malipo. "Asante" ya fundi, hata ikiitwa ya soda, imo ndani ya bei tunayolipa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inamgusa hata wakala wa mtu binafsi, si watumishi wa serikali peke yao.