Somo la Kompyuta: Amri Zilezile, Vitufe Tofauti

Katika somo hili tunaangalia jambo linalomkuta kila aliyezoea kompyuta moja kisha akapewa nyingine: namna ya kuhamisha amri za kibodi na kipanya kutoka mfumo endeshi mmoja kwenda mwingine.

Tuchukue mfano. Mseminari amejifunza kwa Windows. Wakati wa likizo anaombwa kusaidia ofisi ya parokia huko Nyakahura, kuandaa vyeti vya ubatizo. Kompyuta anayoikuta mezani ni ya Apple. Anachagua jina la mtoto katika orodha, anabonyeza Ctrl na C kama alivyozoea, kisha anafungua cheti na kuchagua "bandika" kwenye menyu. Linatokea jina la mtoto aliyetangulia. Ctrl na C haikunakili kitu, maana kwenye Apple kazi hiyo hufanywa na kitufe cha Command. Asiposoma upya, cheti kitatoka na jina la mtu mwingine, na miaka ishirini baadaye mhusika atahangaika nacho anapotaka kufunga ndoa.

Kwa nini vitufe vinatofautiana?

Kazi ya kukata, kunakili na kubandika maandishi kwenye kompyuta ilibuniwa na Larry Tesler na wenzake katika maabara ya Xerox PARC, Marekani, miaka ya 1970. Macintosh ya mwaka 1984 iliziunganisha herufi Z, X, C na V na kitufe cha Command. Windows zamani ilinakili kwa Ctrl na Insert, na kubandika kwa Shift na Insert. Baadaye ikachukua herufi zilezile, lakini pamoja na Ctrl. Linux nayo hutumia Ctrl, isipokuwa katika dirisha la kuandikia amri. Humo Ctrl na C husimamisha programu inayoendelea, na kunakili ni Ctrl, Shift na C.

Kwetu sisi herufi hizo si vifupisho vya maneno yetu. "Nakili" haianzi na C. Basi tunachokariri ni mahali pa kidole, wala si maana. Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu mahali hubadilika lakini maana haibadiliki.

Angalia kibodi

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na si ajabu katika maeneo yetu kukutana na kibodi ya Kifaransa. Katika kibodi hiyo A imekaa mahali pa Q, na W mahali pa Z. Kidole kilichozoea kibodi ya Kiingereza kikitaka kutendua kosa kwa Ctrl na Z, hujikuta kimebonyeza Ctrl na W, ambayo katika programu nyingi hufunga faili. Kikitaka kuchagua yote kwa Ctrl na A, hubonyeza Ctrl na Q, ambayo katika LibreOffice hufunga programu nzima. Mara nyingi programu huuliza kwanza kama uhifadhi kazi. Tusijibu swali hilo kwa haraka, tulisome.

Angalia kipanya

Macintosh ya kwanza ilikuwa na kipanya chenye kitufe kimoja. Hadi leo, pasipo kitufe cha kulia, kwenye Apple tunashikilia Control na kubofya. Pia tangu mwaka 2011 Apple hupeleka ukurasa upande uleule vidole vinakoelekea, kinyume na wengi walivyozoea. Mpangilio huo unaweza kuzimwa. Katika Linux nyingi, kubonyeza gurudumu la katikati hubandika maneno yaliyochaguliwa mara ya mwisho. Mtu anayezungusha gurudumu kwa nguvu anaweza kuingiza maneno katikati ya orodha bila kujua.

Hatua za kufuata

1. Taja kazi kabla ya kitufe: "Nataka kunakili." Kisha fungua menyu ya kuhariri. Kando ya amri nyingi huandikwa vitufe vyake katika mfumo huo.

2. Jaribu kwenye faili tupu. Nakili, bandika, tendua na hifadhi, kila moja mara tano, kabla ya kugusa faili ya kazi.

3. Jua ulinganifu. Ukichomeka kibodi ya kawaida kwenye Apple, kitufe cha Windows kinakuwa Command, na Alt kinakuwa Option.

4. Badilisha mipangilio ikibidi. Apple huruhusu Control na Command kubadilishana kazi kupitia mipangilio ya kibodi. Lakini kompyuta ya ofisi hutumiwa na wengi. Ukibadilisha bila kuwaambia wenzako, umewahamishia wao shida uliyokuwa nayo wewe.

5. Baada ya kubandika, soma. Linganisha jina na daftari, herufi kwa herufi.

Zoezi

Chora jedwali lenye safu tatu: Windows, Apple na Linux. Andika kazi kumi unazozifanya kila siku, kwa Kiswahili, kisha jaza vitufe vya kila mfumo kwa kuvisoma kwenye menyu. Bandika karatasi hiyo karibu na kompyuta, ili atakayekuja baada yako asianze upya.