Kitabu cha Kliniki ni cha Nani?



Wenye ndoa hugombana juu ya fedha, shamba na wakwe. Leo tujifunze juu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakifikirii mpaka siku ya shida: karatasi za hospitali.

Fikirini mke na mume wa huko Malava. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na sasa mke ana mimba ya pili. Siku moja wanakosana. Mume anachukua kitabu cha kliniki na kukifungia sandukuni. "Kimo nyumbani kwangu," asema, "basi ni changu." Baada ya siku chache uchungu unaanza usiku. Mume yumo safarini, na ufunguo umo mfukoni mwake. Mama anafika hospitali kuu ya kaunti mjini Kakamega mikono mitupu. Daktari anamwuliza: Ulipasuliwa kwa sababu gani? Mkato wa tumbo la uzazi ulikuwa wa wima au wa kukingama? Damu yako ni ya kundi gani? Majibu yapo, lakini yamo sandukuni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kinachoweza kupotea ni uhai.

Mwenyewe ni nani?

Tutenganishe mambo mawili: karatasi na habari iliyoandikwa juu yake. Faili hukaa hospitalini, na ni wajibu wa hospitali kuitunza. Lakini habari iliyomo inamhusu mgonjwa, na haki juu yake ni za mgonjwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri, isipokuwa pale mwenyewe anaporuhusu au sheria inapoagiza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake, na kudai kosa lisahihishwe.

"Lakini sisi tu mwili mmoja!" utasema. Ni kweli. Hata hivyo, pete haikupi ruhusa ya kwenda kwa muuguzi kudai majibu ya mwenzako. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inasema majibu ya kipimo hupewa aliyepimwa. Ya mtoto hupewa mzazi au mlezi wake.

Hata hivyo, siri isigeuzwe silaha. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mume na mke wanaopendana huenda kliniki pamoja, na kila mmoja humweleza mwenzake kwa kinywa chake mwenyewe.

Na kitabu cha mama na mtoto? Hicho mama hupewa akitunze nyumbani. Humo mna habari za mimba, uzito wa mtoto na chanjo zake. Basi kimfuate mama, na kimfuate mtoto. Hata wazazi wakitengana, Katiba inawapa wote wawili wajibu sawa wa kumlea mtoto. Anayekificha kitabu ili kumkomoa mwenzake, anayeumia ni mtoto.

Jinsi ya kuhamisha

Tuseme mnahama kutoka Mukumu kwenda Eldoret. Fanyeni hivi:

1. Mgonjwa mwenyewe aende ofisi ya rekodi na kitambulisho. Asipoweza, aandike barua yenye sahihi yake, akimtaja anayemtuma.
2. Aombe nakala au muhtasari wa matibabu. Faili yenyewe hubaki. Habari zilizo katika kompyuta, sheria ya 2019 inakipa kituo siku 30 kuzihamisha, na kinaweza kudai gharama ya kadiri.
3. Kama daktari ndiye anayewatuma, mwombeni barua ya rufaa yenye ugonjwa, dawa zilizotolewa na vipimo vilivyofanywa.
4. Kabla ya kuondoka, someni. Je, jina ni sawa? Tarehe je? Dawa inayomdhuru mgonjwa imeandikwa?
5. Nyumbani, wekeni karatasi zote katika mfuko mmoja usiopenya maji, mahali ambapo nyote wawili mnapafahamu na pasipo na kufuli ya mtu mmoja.

Picha ya simu ni msaada mzuri, lakini usiitume kwenye kundi la ukoo. Mama mkwe hana haja ya kujua kila kitu.

Maswali ya kujadiliana jioni hii

– Usiku wa manane nikizidiwa, je, wewe unajua karatasi zangu ziko wapi?
– Kuna dawa ambayo mwili wangu haupatani nayo. Unaijua?
– Je, nimewahi kukuficha kitabu chako kwa hasira?

Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, mrudishie leo, kabla hamjalala.