Siku 10 za Kadi ya Njano

Basi la kutoka Mombasa likisimama mpakani Horohoro, abiria hushuka na pasipoti mkononi, na kadi ya njano ya chanjo ikiwa imekunjwa ndani yake. Chanjo ya homa ya manjano iliyochomwa juzi haitambuliki mpakani. Sharti zitimie siku 10. Wengine hunung'unika kwamba huo ni usumbufu wa ofisini. Kumbe siku hizo ndizo zinazohitajiwa na chembe nyeupe za damu kumaliza kazi yake ya kwanza.

Sindano hiyo hubeba virusi hai vilivyopunguzwa makali. Asili yake ni virusi vilivyopatikana mwaka 1927 katika damu ya Asibi, mgonjwa wa Ghana. Max Theiler na wenzake, huko New York, walivizalisha maabarani tena na tena hadi vikashindwa kumfanya mtu augue, na chanjo ikapatikana mwaka 1937.

Chini ya ngozi ya mkono kuna seli za doria. Hizo hunasa virusi, huvikatakata, kisha hubeba vipande hadi kwenye tezi za kwapani, zilezile zinazovimba mtu akipata mtoki. Humo chembe nyeupe iitwayo seli T saidizi inayovitambua vipande huanza kuzaliana, halafu huikagua nyingine, seli B, iliyonasa kirusi hichohicho. Bila kuungwa mkono, seli B hutoa kingamwili hafifu za muda mfupi. Ikiungwa mkono, huzaliana huku ikibadilika kidogo kidogo: inayoshika kirusi barabara huongezewa nguvu, iliyolegea hufa. Hata usaili wa ajira serikalini una huruma kuliko huo. Wakati huohuo seli T za kundi jingine hujifunza kuua seli za mwili ambazo virusi vimekwisha kuziingia.

Kufikia siku ya 10, watu wengi huwa na kingamwili za kutosha. Baadaye baadhi ya seli zilizofuzu huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili kwa miaka mingi. Nyingine hubaki zikizunguka, zikimkumbuka adui. Wanajeshi wa Marekani waliochanjwa wakati wa Vita Kuu ya Pili walipimwa zaidi ya miaka 30 baadaye, na wengi bado walikuwa na kinga.

Ndiyo maana tangu Julai 2016 kadi hiyo hutumika maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Usiitupe.

Kwa kuwa virusi vyake ni hai, chanjo hii haichomwi kwa mtoto wa chini ya miezi 6 wala mtu ambaye kinga yake imeshuka sana. Mjamzito, mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, anayeishi na VVU na anayedhurika vibaya kwa mayai wamweleze mhudumu kabla ya kuchanjwa.

Na ugonjwa wenyewe hauko mbali: Machi 2022 Kenya ilitangaza mlipuko wa homa ya manjano Isiolo. Mbu wanaoieneza mijini huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Anayechanjwa Jumatatu, basi, kadi yake itaanza kufanya kazi Alhamisi ya wiki inayofuata.