SOMO LETU: MTU ALIYEPUNGUZWA MFUKO WA CHAKULA



Safari hii wengine mtasema somo hili ni la matajiri wa mjini. Hata sisi tulidhani hivyo, mpaka tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama upande wa Naitiri. Dada mmoja alikuwa amerudi nyumbani, miezi miwili baada ya kupasuliwa Nairobi ili apunguze unene. Alitapika kila siku. Majirani walisema ni Ukimwi, wengine wakasema amerogwa. Mashemeji nao wakazidi kumlazimisha ugali. Alipoanza kupepesuka na kuchanganya maneno ndipo akapelekwa hospitali. Kumbe alikosa vitamini B1! Alipona, lakini mpaka leo hatembei sawasawa. Sisi sote tulichelewa.

Upasuaji huu ni nini?

Mwaka 1966 Dkt. Edward Mason wa Iowa, Marekani, alianza kuutumia kwa watu wanene. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa vidonda waliokatwa sehemu ya tumbo hukonda. Siku hizi njia kubwa ni mbili. Ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa, unabaki mwembamba kama ndizi. Ya pili, kimfuko kidogo hutengwa na kuunganishwa na utumbo mbele zaidi. Wengi husaidika, hasa wenye kisukari. Kwa hivyo hatuupingi.

Kunyonya mafuta chini ya ngozi ni jambo lingine. Hata hilo si mchezo: Oktoba 2024 mama mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa hivyo, na kliniki ikafungwa. Anayetaka upasuaji wowote aulize kwanza kama daktari na kliniki wamesajiliwa na Baraza la Madaktari (KMPDC).

Dalili za hatari

Wiki za kwanza: homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio. Huenda mshono unavuja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, huenda damu imeganda. Kutapika damu au kwenda choo cheusi ni damu inayovuja ndani. Hapo usingoje kesho, tafuta gari.

Miezi ya baadaye: kutapika kusikokoma, kupepesuka, macho kuona mbili mbili, miguu kufa ganzi. Hii ni B1. Mwambieni muuguzi mapema kwamba mgonjwa alipunguzwa tumbo, apewe B1 kabla ya maji ya glukosi, kwa maana glukosi peke yake inaweza kumzidishia.

Miaka ya baadaye: upungufu wa damu na mifupa dhaifu. Maumivu ya tumbo yanayokuja na kwenda yanaweza kuwa mawe ya nyongo au utumbo uliojisokota.

Tumsaidie namna gani?

1. Tusimlazimishe kula. Ale kidogo kidogo, atafune sana, aanze na yai, samaki, maharagwe au maziwa. Ugali baadaye. Maji anywe kando, si pamoja na chakula.
2. Chai yenye sukari nyingi inaweza kumletea jasho, kizunguzungu na kuhara.
3. Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote. Vikiisha, familia isiseme "amepona".
4. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki asinunue dukani. Zinaweza kumletea vidonda.
5. Pombe humlevya upesi kuliko zamani, iwe busaa au bia.
6. Mama asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba.
7. Aweke karatasi za hospitali mahali panapojulikana. Daktari wa Kitale au Bungoma atajuaje alichofanyiwa?

Kikundi kinachochangia matibabu kikumbuke jambo hili: pesa za upasuaji si mwisho. Vipimo vya damu, vidonge na nauli ya kurudi kwa daktari vina gharama. Harambee ya siku moja haitoshi.

Maswali ya kujadiliana

- Mtu akikonda ghafla kijijini kwetu, sisi husema nini? Maneno hayo yanamzuia kwenda hospitali?
- Usiku mgonjwa akizidiwa, nani ana gari au pikipiki, na nauli itatoka wapi?
- Je, mfuko wetu wa dharura una kitu leo?

Jibuni swali la pili kabla hamjafunga mkutano. Yule dada angeenda mapema kama sisi tungekuwa tumelijibu.