Neno "Rafiki" na Ufiche wa Mapenzi katika Filamu

Katika God's Own Country (2017) ya Mwingereza Francis Lee, mapenzi ya wanaume wawili shambani Yorkshire hudhihirika kwa kimya kuliko kwa maneno. Wanuri Kahiu wa Kenya, katika Rafiki (2018), anasimulia wasichana wawili, Kena na Ziki, akiwa na nyenzo ya ziada. Kiingereza hufichua jinsia mara kiwakilishi kitajwapo. Kiswahili, kwa upatanisho wa a-, hakifichui. "Rafiki yangu anakuja": ni nani? Sarufi imenyamaza, wala si uongo. Bodi ya filamu ya Kenya haikunyamaza: iliipiga marufuku Aprili 2018. Kwa mujibu wa Kahiu, ilitaka mwisho wenye matumaini ubadilishwe, alikataa. Septemba, Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe siku saba.