Bastola ya Shabaha: Hesabu Risasi Kabla ya Bei

Ukurasa huu umezoea kupima mazao, hati fungani na hisa. Leo tunapima bidhaa isiyo ya kawaida kwetu, yaani bastola ya kaliba kubwa inayotumika katika mchezo wa kulenga shabaha. Tumeichagua kwa sababu inafundisha vizuri somo ambalo kila aliyewahi kununua lori au mashine ya kusaga analijua. Bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama, na kinachommaliza mnunuzi ni kile kinachofuata baadaye.

Katika nchi ambako mchezo huu una wafuasi wengi, kama vile Marekani, Uswisi na Jamhuri ya Cheki, mnunuzi mgeni huingia dukani akavutiwa na bastola. Akishailipia ndipo huulizia bei ya risasi, na mwisho kabisa hutafuta mashindano ya kushiriki. Mpangilio wenye faida ni kinyume chake: kwanza shindano, pili risasi, tatu bastola. Na juu ya yote hayo iko sheria ya nchi, ambayo inaweza kufuta thamani ya mali hiyo kwa siku moja.

KALIBA NI NINI

Kaliba ni kipenyo cha risasi na cha mtutu unaoipitisha. Hutajwa kwa milimita au kwa sehemu ya inchi. Kaliba ndogo ya mchezo ni .22, ambayo ni kama milimita 5.6. Walengaji wengi wanapozungumzia kaliba kubwa huwa na maana ya risasi za 9 mm na kuendelea.

Risasi tatu ndizo zinazotawala soko la bastola za kisasa zenye magazini. Ya kwanza ni 9 mm iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902. Ya pili ni .45 ACP ya John Browning, iliyotoka mwaka 1905 na kuingia katika jeshi la Marekani pamoja na bastola ya Colt mwaka 1911. Ya tatu ni .40, iliyoletwa sokoni mwaka 1990 na kampuni za Smith & Wesson na Winchester. Kwa upande wa rivolva ziko .38 Special, .357 Magnum ya mwaka 1935 na .44 Magnum ya mwaka 1955.

Ikumbukwe kwamba umri wa risasi si kipimo cha uzee wake sokoni. 9 mm ina zaidi ya miaka 120, lakini jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1985 lilipoiacha .45, na likaichagua tena mwaka 2017 lilipobadilisha bastola. Mnunuzi mkubwa wa namna hiyo akishaamua, viwanda hupanga mitambo yao kwa uamuzi huo, na mlengaji wa kawaida hufaidika na wingi wa bidhaa.

KWANZA, SHINDANO

Kila shindano lina kanuni zake, na kanuni hizo ndizo zinazochagua kaliba.

Shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, ISSF, lina shindano la bastola la mita 25 ambalo huruhusu kaliba kuanzia milimita 7.62 hadi 9.65. Mshindani hupiga risasi 60 kwa mkono mmoja, nusu kwa utulivu na nusu kwa haraka, na uzito wa kuvuta kifyatulio usipungue gramu 1,000. Kwa kanuni hiyo .45, ambayo ni zaidi ya milimita 11, haiingii kabisa. Wataalamu wengi wa shindano hili hutumia .32, risasi yenye teke dogo ambayo mnunuzi mgeni angeidharau.

Marekani kuna mchezo wa jadi wa mkono mmoja, unaopigwa kutoka yadi 50 na yadi 25. Katika shindano kamili mlengaji hupiga risasi 270: 90 za .22, 90 za kaliba kubwa yoyote inayoruhusiwa, na 90 za .45. Hapa asiye na .45 hawezi kukamilisha shindano. Ndiyo maana wengi hutumia bastola moja ya .45 kwa sehemu mbili za mwisho, wakaokoa fedha ya bastola nyingine.

Aina ya tatu ni mchezo wa IPSC, shirikisho lililoanzishwa Marekani mwaka 1976. Mlengaji hushika kwa mikono miwili, hutembea kati ya shabaha, na alama zake hugawanywa kwa muda aliotumia. Hapa kuna kipimo cha nguvu: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni huzidishwa kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa 1,000. Kiwango cha chini ni 125. Katika daraja liitwalo Standard, anayefikisha 170 huhesabiwa katika kundi la nguvu kubwa, mradi kaliba yake isipungue milimita 10.

Tufanye hesabu. Risasi ya 9 mm yenye kichwa cha greni 124 na mwendo wa futi 1,050 inapata 130. Ya .40 yenye greni 180 na mwendo wa futi 950 inapata 171. Wote wawili wakipiga katikati ya shabaha hupata alama 5 sawasawa. Wakikosea kidogo, wa .40 hupata 4 na wa 9 mm hupata 3. Wakikosea zaidi, wa kwanza hupata 2 na wa pili 1. Kwa maneno mengine, kaliba kubwa inanunua msamaha wa makosa, na bei ya msamaha huo hulipwa kila risasi inapotoka. Lakini katika daraja la Production kila mtu huhesabiwa kwa nguvu ndogo, kwa hiyo aliyekuja na .40 amelipia msamaha asioupata.

PILI, RISASI

Kichwa cha kawaida cha .45 kina greni 230, karibu gramu 15. Cha 9 mm kina greni 115 hadi 124, yaani gramu 7.5 hadi 8. Mnunuzi wa .45 anakaribia kulipia madini maradufu katika kila risasi, na isitoshe, risasi hiyo hutengenezwa kwa wingi mdogo zaidi. Bei yake lazima iwe juu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Mlengaji anapiga risasi 200 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, jumla risasi 10,000. Tuseme 9 mm ni senti 30 za dola na .45 ni senti 50. Wa kwanza anatumia dola 3,000 kwa mwaka na wa pili dola 5,000. Kama kila mmoja alinunua bastola ya dola 1,000, basi katika mwaka wa kwanza tu risasi zimeizidi bastola mara tatu na mara tano.

Sasa tuseme muuza duka anampa mteja punguzo la dola 300 ili achukue ya .45. Tofauti ya senti 20 kwa risasi inakula punguzo hilo lote katika risasi 1,500, yaani kabla wiki ya nane haijaisha. Baada ya hapo mteja anaendelea kulipa tofauti hiyo kwa miaka yote atakayocheza. Rahisi hugeuka ghali namna hiyo.

Kuna njia mbili za kupunguza mzigo. Moja ni kufanya mazoezi mengi kwa bastola ya .22, ambayo risasi zake ni nafuu, na kuiweka kaliba kubwa kwa maandalizi ya shindano. Ya pili ni kujaza upya maganda yaliyotumika kwa kuweka fataki, baruti na kichwa kipya. Njia hii inahitaji mashine, uangalifu mkubwa na subira, kwa kuwa kosa la kipimo cha baruti linaweza kupasua bastola mkononi.

Mafunzo mawili ya soko yanafaa kukumbukwa. La kwanza ni la mwaka 2020. Mwaka huo Marekani ilifanya ukaguzi wa wanunuzi wa silaha zaidi ya milioni 39, rekodi wakati huo. Rafu za 9 mm zikabaki tupu, na bei ikapanda zaidi ya maradufu kabla ya kushuka miaka iliyofuata. Hata fataki za kujazia maganda zilikuwa adimu. Waliokuwa na akiba waliendelea kucheza, na wengine walikaa na bastola nzuri zisizo na kazi.

La pili ni la .40. Idara nyingi za polisi za Marekani, likiwemo shirika la FBI, ziliitumia kisha zikarudi kwenye 9 mm katika miaka ya 2010. Bastola zilizotumika za .40 zikaingia sokoni kwa wingi na bei zake zikaanguka. Kwa mlengaji wa daraja la Standard hiyo ilikuwa nafasi nzuri. Kwa aliyenunua kwa sababu ya urahisi tu, alikuwa amebeba bidhaa ambayo wanunuzi wakubwa wanaikimbia, na siku ya kuuza ataonja hali hiyo hiyo.

Hata viwanda vinajua fedha iko wapi. Kundi la CZ la Jamhuri ya Cheki liliinunua Colt ya Marekani mwaka 2021, na mwaka 2024 likanunua Sellier & Bellot, kiwanda cha risasi kilichoanzishwa mwaka 1825. Mteja hununua bastola mara moja katika miaka mingi, lakini risasi huzifuata kila wiki.

TATU, BASTOLA

Baada ya shindano na risasi kujulikana, orodha ya bastola huwa fupi, na mambo manne hubaki.

Jambo la kwanza ni mkono. Kidole kifike kwenye kifyatulio bila mshiko kupindishwa. Bastola isiyokaa mkononi hairekebishwi na sifa za kiwanda.

La pili ni uzito. Bastola ya chuma aina ya 1911 ina uzito wa karibu kilo 1.1 bila risasi, na CZ Shadow 2 inazidi kilo 1.3. Glock 17, yenye fremu ya plastiki, ina gramu zipatazo 630 bila magazini. Bastola nzito hupokea teke kwa utulivu, lakini huchosha mkono mmoja ulionyooshwa kwa muda mrefu. Ya kubeba kiunoni siku nzima na ya kushindania si lazima ziwe moja.

La tatu ni kifyatulio na vilengeo. Kifyatulio kiachie kwa namna ile ile kila mara, na vilengeo viweze kurekebishwa. Hapa ndipo dola za ziada hurudisha faida kwenye shabaha.

La nne ni vipuri. Springi huchoka baada ya maelfu kadhaa ya risasi, na magazini huharibika. Bastola ya kampuni ndogo isiyo na wakala nchini ni kama gari lisilo na vipuri: siku ya kwanza linang'aa, siku ya pili limeegeshwa.

Mnunuzi aombe kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kulipa, akiwa na miwani na vizuia masikio, na chini ya usimamizi. Kisanduku cha kufungia silaha kiwekwe katika bajeti ile ile, kisiachwe kwa baadaye.

SHERIA NDIYO MWENYE SOKO

Kaliba kubwa ndiyo mara nyingi huguswa kwanza sheria inapobadilika. Uingereza, baada ya mauaji ya Dunblane ya Machi 1996, sheria ya kwanza ya mwaka 1997 ilipiga marufuku bastola za zaidi ya .22, na ya pili mwaka huo huo ikazikamata na za .22. Takriban bastola 162,000 zilisalimishwa na serikali ikalipa fidia. Australia, mwaka 2003, ilizuia kaliba zinazozidi .38 isipokuwa kwa mashindano maalum, hivyo mwenye .40 alijikuta nje ilhali wa 9 mm alibaki ndani. Canada ilisimamisha ununuzi na uhamishaji wa bastola mwezi Oktoba 2022, na mwenye bastola halali akabaki nayo lakini bila mtu binafsi wa kumuuzia.

Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura 114. Kote kuwili umiliki ni kwa kibali, na risasi nazo ziko chini ya udhibiti. Kwa hiyo msomaji wa huku aulize kwanza kama kibali kinaruhusu mchezo, kisha risasi ngapi, kisha atazipata wapi kihalali. Bila majibu hayo, bei ya bastola haina maana yoyote.

KWA MUHTASARI

Mwenye kucheza Production au anayeanza tu, 9 mm ndiyo chaguo lenye gharama ndogo na soko pana. Wa daraja la Standard ana sababu ya kuchukua .40. Wa mchezo wa jadi wa Marekani hana budi kuwa na .45. Wa mita 25 asivuke milimita 9.65.

Yeyote kati yao aandike hesabu ya miaka mitatu: kibali, risasi, vipuri, ada za uwanja, na bastola iwe mstari wa mwisho. Jumla ikimshinda, asitafute bastola ya bei ya chini zaidi. Apunguze kaliba, au aanze na .22, maana mlengaji mwenye bastola ya kawaida na risasi za kutosha za mazoezi humshinda mwenye bastola ya fahari anayepiga mara moja kwa mwezi.