Mbinu za Kuizuru Lübeck kwa Siku Moja

Kutoka Hamburg hadi Lübeck ni mwendo wa takriban dakika 45 kwa treni. Mji huu uliongoza Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara uliotamba katika Bahari ya Baltiki katika Zama za Kati. Ukitaka kuuelewa, ifuate chumvi, maana ndiyo iliyoutajirisha.

Anzia Holstentor. Lango hili lilijengwa kati ya 1464 na 1478. Kabla ya kupiga picha, sogea pembeni uangalie minara yake miwili ilivyoinama. Ardhi ya hapo ni tepetepe, na lango lilianza kudidimia hata kabla ujenzi haujakamilika.

Tazama maghala ya chumvi. Yako hatua chache tu, kando ya mto Trave. Chumvi iliyochimbwa Lüneburg ilihifadhiwa hapa, kisha ikapakiwa merikebuni kwenda Skandinavia kuhifadhia samaki wa heringi.

Panda mnara wa kanisa la St. Petri. Kuna lifti. Ukiwa juu utaona jinsi mji wa kale ulivyozungukwa na maji pande zote.

Ingia Marienkirche. Dari la kanisa hili la matofali liko juu kwa zaidi ya mita 38. Usitoke kabla ya kufika kwenye mnara wa kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliupiga mji mabomu, na kengele zikaanguka. Hadi leo zimelala palepale sakafuni, zimepasuka na kupindapinda, ziwe ukumbusho wa vita. Simama hapo kwa utulivu.

Pita vichochoroni. Nyuma ya nyumba za matajiri kuna vijia vyembamba viitwavyo Gänge. Vingine vina milango mifupi inayokulazimu kuinama. Humo wanaishi watu, kwa hiyo punguza sauti, usichungulie madirishani, na ukikuta mlango umefungwa, pita zako.

Onja marzipani. Ni kitamutamu cha lozi na sukari. Duka la Niederegger limekitengeneza tangu 1806.

Vaa viatu vya kutembelea, kwani njia nyingi ni za mawe, na ubebe koti la mvua. Na ukibanwa na muda, acha maduka, usiache zile kengele.